Saizi ya Mama Dina

Adventina ni mtu wa kutunza mafaili, na mtu wa mafaili akiingia dukani kutafuta gauni, muuzaji ana haki ya kuomba likizo. Jirani yangu huyu, ambaye mtaani kwetu Kibaha wote tunamwita Mama Dina, amekaa masijala ya ofisi moja ya serikali tangu alipohamia huku akiwa msichana aliyetoka Bukoba. Kwake namba ni ahadi. Faili ukiliomba leo kwa namba yake, ukalirudisha, ukaliomba tena mwakani, litakuja lile lile. Likija jingine, kuna mtu ataitwa kujieleza. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke kwenye maduka ya nguo za kike, aambiwe kwamba duka hili yeye ni kumi na sita, la pili ni ishirini, na la tatu ni M. Niliandamana naye karibu kila mahali, ndiyo maana nasimulia nikiwa bado nina hasira.

Gauni lilikuwa la sendofu, sherehe ya kumuaga Dina, binti yake wa mwisho, aliyeposwa na kijana wa Kisarawe anayeitwa Andrew. Sendofu za kwetu mnazijua. Mama mzazi haachwi akae kimya kwenye kiti chake. Mshereheshaji lazima amwite asimame, azunguke taratibu, ukumbi mzima umtazame kuanzia kilemba mpaka viatu, na muda wote huo awe anatabasamu. Kwa mama mwingine hiyo ni aibu tamu inayopita. Kwa Mama Dina ilikuwa kesi, kwa sababu kwenye meza kuu angekuwepo Sospeter.

Sospeter ndiye baba wa Dina. Aliondoka nyumbani mtoto akiwa shule ya msingi, na baadaye akamwoa Jenifa, ambaye ni mdogo kwa umri na mwembamba kwa umbo. Siku ya kuondoka hakusema amechoka wala amependa kwingine. Alisema, "Mama Dina, umejiachia." Mimba ya Dina ilikuwa imemlaza mwenzangu kitandani kwa miezi, ikamwachia tumbo ambalo halikurudi tena lilikotoka, na yule bwana akaliona tumbo, asimwone mtoto aliyetoka humo. Nikimkumbuka huwa natamani kutukana, lakini nimeokoka.

"Nataka anione," Mama Dina aliniambia siku moja akinisaidia kuchambua mchicha uani kwangu. "Nataka nizunguke pale mbele, Sospeter anione, aione hasara aliyopata."

Nikamwambia atanunua gauni zuri na ataonekana. Nilisema kwa wepesi, maana sikujua tunakokwenda.

Kushonesha hakukuwezekana. Kitenge cha kushona kilikuwa sare ya kamati, na kila shangazi na kila jirani angekivaa. Mama mzazi lazima atofautiane, na kamati ilishaamua kwamba atavaa gauni la dukani, refu, rangi ya damu ya mzee. Kamati za harusi zikishaamua, hata Bunge halitengui.

Tulianza Maili Moja, kwenye duka la Zuwena, ambaye ana jibu moja kwa miili yote ya dunia: frisaizi. Alilichukua gauni akalivuta mbele yetu kwa mikono miwili, tuone linavyotanuka. Mama Dina akaingia nyuma ya khanga iliyotundikwa kwenye misumari, ambayo ndiyo chumba cha kujaribia. Baadaye sauti yake ikasikika kutoka ndani ya kitambaa ikiuliza mkono unatokea wapi. Gauni la watu wote lilikuwa limemgomea kwenye kiwiko. Zuwena hakutikisika. Alisema gauni halina tatizo, tatizo ni mkono.

Hapo ndipo nilipoujua mchezo. Gauni halikosei kamwe. Likibana, wewe ni mnene. Likipwaya, huna umbo. Likikaa vizuri, kumbe si rangi ya kamati.

Kariakoo tulimkuta muuzaji mwenye futi shingoni, futi ambayo sikumwona akiigusa hata mara moja. Alimpima Mama Dina kwa macho toka mbali, akatangaza kwamba ni kumi na nane na asibishe. Kumi na nane ikaletwa, ikamwanguka mabegani. Ikaletwa kumi na nane nyingine, ikakwama mapajani. Bwana yule akaeleza kwa upole wa mganga kwamba ya kwanza ni ya Ulaya na ya pili ni ya Uchina, na kwamba kama tunapenda, kuna za Kituruki, ambako mama atakuwa arobaini na sita. Mama Dina akamuuliza kama ipo nchi yoyote ambayo namba yake inamaanisha kitu. Badala ya kujibu, bwana akageukia duka la mbele akapaza sauti ziletwe zile za wamama waliojazia. Uchochoro mzima ukageuka kumtazama huyo mama aliyejazia ni yupi.

Kwenye mitumba ya sokoni ilikuwa vilevile. Alipata sketi mbili zenye kumi na nne, moja ikamkaa na nyingine ikakwama magotini. Akazilaza juu ya meza, moja juu ya mwenzake, akaita watu washuhudie jinsi kumi na nne inavyoizidi kumi na nne kwa kiganja kizima. Watu wakashuhudia kwa furaha. Mwenye meza akazikunja sketi zake, akatuomba tusimharibie biashara.

Basi akaacha ugali. Akaacha na chai ya maziwa, akawa anakunywa maji ya moto yenye ndimu asubuhi na jioni, na kila mtu ofisini kwake akamkimbia, maana njaa ya mtunza mafaili haina dini. Alipungua uso. Tumbo halikushughulika.

Ndipo tukaenda Kisarawe, ukweni, kupanga mambo ya sendofu. Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa, ila ulikuwa umebaki mkaja. Kwa ambaye hakukulia huku: mkaja ni nguo ndefu anayofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, na kwenye mahari upande wa mume humletea mama wa binti kumshukuru kwa kumbeba mtoto. Siku hizi watu hutia fedha kwenye bahasha, mambo yakaisha, na kaka yake Mama Dina, Laurean, alikuwa ameomba iwe hivyo. Lakini shangazi wa Andrew, Bibi Laurentia, mkulima na mzee wa kanisa, alikataa katakata.

"Mkaja ni nguo," alisema. "Hauingii kwenye bahasha. Tutauleta siku ya sendofu, tumfunge mama mbele ya watu."

Mama Dina alishukuru kwa adabu zote. Tulipotoka uani akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza kwamba amehangaika wiki baada ya wiki kulificha tumbo hilo, na sasa wanataka kulitangaza mbele ya Sospeter. Nilimwona machozi yako karibu. Nikamwambia huenda bibi akasahau, ingawa kwa jinsi nilivyomtazama, yule si mtu wa kusahau.

Tukiteremka kuelekea stendi tukapita dukani kwa Salehe, na hapo dirishani yalikuwepo magauni mawili, rangi ya damu ya mzee. Kitambaa kimoja, mshono mmoja, kiwanda kimoja. Tofauti ilikuwa lebo tu: moja liliandikwa XL nne, na jingine L.

Alianza na lile la XL nne. Lilimkaa. Alitoka nyuma ya pazia akanyanyua mikono, akakaa kwenye kigoda, akainama kama anayeokota kitu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aache ugali. Alikuwa mzuri, jamani. Kisha akapindua shingo ya gauni akasoma lebo, na kicheko kikafa.

Akaingia tena na lile la L. Safari hii niliitwa nisaidie. Nilifunga zipu goti langu likiwa mgongoni kwake, huku Salehe akigeukia barabarani kwa heshima. Zipu ilifika juu. Mama Dina akasimama wima, hapumui, amejaa mpaka mdomoni kama gunia la mkaa, macho yanang'aa.

"Chukua lile la kwanza," nikamwambia.

"Lile ni XL nne."

"Nani ataiona lebo? Iko ndani, shingoni."

"Nitaiona mimi," akasema.

Mtu huyu alizitukana namba Maili Moja, akazitukana Kariakoo, akazifungulia mashtaka sokoni mbele ya mashahidi. Leo namba moja ya uongo imemsifu, na ameiamini palepale. Salehe naye, mfanyabiashara, akasema L imempenda mama. Tukafungiwa L.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Mama Dina aliingia taratibu kwa mapigo ya taarabu, hatua fupifupi, na watu wakasema ana maringo, kumbe gauni halikumruhusu hatua ndefu. Aliketi ukingoni mwa kiti, mgongo wima, sahani yake haijaguswa. Kule meza kuu Sospeter alikuwa amejaa ndani ya suti, pembeni yake Jenifa. Nilimwangalia sana Jenifa, sikatai. Jioni nzima alikuwa akilivuta gauni lake chini magotini, nalo linapanda tena, na alipogeuka nikaona pini tatu kiunoni kulipunguza. Huyo mwembamba tuliyeogopeshwa naye hata yeye maduka hayakumwona.

Ikafika zamu yenyewe. Mshereheshaji akamwita mama mzazi asimame mbele. Akasimama, makofi yakapigwa. Dina akaja na kipande cha keki, akapiga magoti mbele ya mama yake kama inavyotakiwa, akaanza kulia. Na mama gani atamwacha mwanawe analia chini? Mama Dina aliinama amwinue.

Zipu ilipasuka kutoka kiunoni hadi kwenye mabega. Muziki uliificha sauti, lakini mimi niliyekaa pembeni niliona mwili wake ukishtuka. Akamwinua Dina, akamkumbatia, kisha akabaki amesimama na mgongo wake kuelekea mlango wa nyuma, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Mama, sasa zunguka tukuone," akasema mshereheshaji.

Hakuzunguka. Mshereheshaji akadhani ni haya, akawaomba watu wamsaidie kwa makofi. Sospeter naye alikuwa anapiga makofi, kichwa amekiinamisha upande, anasubiri kuona. Mama Dina alinitazama mimi. Uso ule sitausahau. Nilianza kusukuma viti nimfikie, nikijua wazi kwamba nikifika sina cha kufanya.

Lakini mlango wa nyuma ndiko walikokuwa wamepangwa wakwe wa Kisarawe, wakisubiri kuitwa. Wao mgongo walikuwa wanauona wote. Bibi Laurentia hakusubiri kuitwa. Alipiga kigelegele kimoja, wanawake wake wakakipokea, wakaingia wakicheza nje ya ratiba, na mshereheshaji akabaki anatafuta wapo ukurasa gani. Wakamzunguka Mama Dina pande zote. Bibi akakunjua bafta nyeupe, ndefu, akaanza kumfunga: chini ya matiti, kiunoni, nyuma juu ya zipu iliyoachama, mbele tena, akivuta kila mzunguko kwa nguvu za mtu aliyezoea jembe. Nilipofika nilipewa ncha moja nishike.

Kisha akaomba kipaza sauti, na likaja lile lile ambalo Mama Dina aliliogopa tangu Kisarawe. Bibi aliweka kiganja juu ya tumbo la mwenzangu, wazi, mbele ya kadamnasi.

"Tumbo hili lilimbeba mke wetu," alisema. "Sisi tumekuja kulifunga, kwa sababu limefanya kazi."

Mama Dina akalia, wala hakujifuta. Halafu akazunguka. Alizunguka taratibu, mzunguko mzima, tumbo likiwa mbele limefungwa nyeupe juu ya damu ya mzee, na wanawake wa pande zote mbili wakasimama. Nami nilisimama, na nililia pia, hilo naliandika bila haya.

Baadaye, watu walipokuwa wanapanga foleni ya chakula, Sospeter alikuja mezani kwetu kumpongeza. Alimtazama mzazi mwenzake juu mpaka chini, akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Mama Dina, umependeza," akasema. "Umepungua sana."

Miaka yote ile alikuwa akilisubiri neno hilo. Ndilo aliloachia ugali, ndilo lililomtembeza kutoka Maili Moja hadi Kariakoo hadi milima ya Kisarawe. Alimtazama Sospeter bila haraka.

"Sijapungua, Baba Dina," akamjibu. "Zipu imepasuka, hapa nimefungwa nguo tu. Tumbo lipo."

Sospeter akacheka kidogo, asijue ni mzaha au la, kisha akaaga. Mama Dina akajiegemeza kwenye kiti kwa mara ya kwanza usiku ule, akashusha pumzi, akanigeukia.

"Mama Eliya, niletee ndizi na nyama," akasema. "Waambie wasipime."