Dereva Mghana wa gari la maiti na barafu ya Lesotho

Saa nne asubuhi, Selorm Agbeko anashuka kwenye gari la maiti, anatembea hatua ishirini mbele na kuisugua lami kwa kisigino. Kiatu kinateleza. Anarudi akitikisa kichwa.

"Bado," anawaambia wafiwa.

"Baba, wachimba kaburi wanasubiri tangu jana," analalamika mjomba wa marehemu, blanketi limemfunika hadi masikioni.

"Waendelee kusubiri, mzee. Wakiwa na haraka sana watalazimika kuchimba mengine."

Hakuna anayecheka. Hapa ni chini ya mlima wa Molimo Nthuse, yaani Mungu Nisaidie, na Julai, majira ya baridi kali huku, jina hilo si mzaha. Jua halijafika kwenye kona ya juu kuyeyusha barafu.

Selorm, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ni mzaliwa wa Ho, mashariki mwa Ghana. Alifika Maseru miaka sita iliyopita akimfuata mkewe, Enyonam, aliyepata mkataba wa kufundisha hesabu. Kwao aliendesha malori kwa miaka kumi na minne. Huku alichopata ni usukani wa gari la maiti. Mwaka jana peke yake alipandisha majeneza arobaini na saba milimani.

Barabara za Wasotho zilimchanganya tangu wiki ya kwanza. Kwao gari likiharibika, dereva hukata matawi na kuyatandaza nyuma yake ili wenzake wapunguze mwendo. Milima hii haina miti, kwa hiyo watu hupanga mawe. Gari likishapona huondoka, mawe yakabaki.

"Nilidhani kuna watu wanataka kuniua," anasema. "Kisha wapanda farasi! Anakuja katikati ya barabara, anakuamkia kwa adabu zote, wala hasogei."

Na kuna marehemu mwenyewe. Kila wanapovuka mto, ndugu aliyeketi mbele humwambia marehemu kuwa wanavuka, roho yake isije ikabaki nyuma. Selorm sasa hupunguza mwendo bila kuambiwa.

Lakini kinachomkosesha raha ni upande. Ghana magari hupita kulia, Lesotho kushoto. "Kichwa kilijifunza kwa mwezi mmoja," anasema, akiitazama mikono yake. "Hii haijajifunza mpaka leo."

Julai mwaka jana alimbeba Motlalepula Sekhesa, mchimba madini mstaafu, kumpeleka kuzikwa kwao Mantsonyane. Mjane wake, Mama Mapoloko, aliketi mbele. Walipokaribia kilele, ukungu ukawameza. Mama alikuwa akimwambia mumewe asiogope, nyumbani si mbali, ndipo taa za lori zilipochomoza mbele yao.

Selorm akakata usukani kulia, moja kwa moja kwenye njia ya lori.

"Kushoto, mwanangu! Kushoto!" Mama Mapoloko alipiga kelele.

Akaurudisha. Gari likateleza kwenye barafu, likazunguka nusu, tairi la nyuma likagonga mawe ya pembeni na kusimama. Korongo lilikuwa hatua moja tu kutoka hapo.

Dereva wa lori alisimama mbele kidogo, akashuka kwa hasira. "Wewe! Maiti mmoja hakutoshi, umetumwa uongeze?" Alipoliona jeneza akavua kofia.

Selorm alikaa chini barabarani. Alimwambia mjane kwamba hawezi kuendelea, atafutwe dereva mwingine.

"Wapi, kwenye ukungu huu?" Mama Mapoloko alimjibu. "Hujaua mtu. Inuka umwombe radhi mume wangu uliyemtikisa, kisha tuondoke."

"Sijui maneno yenu ya kumwambia, Mama."

"Sema kwa yako. Miaka thelathini alikaa migodini na watu wa kila lugha."

Basi Selorm akasimama nyuma ya gari, akaomba radhi kwa Kiewe, lugha ya kwao. Analia anaposimulia haya. Walifika jioni kwa mwendo wa konokono, na Sekhesa akazikwa kesho yake asubuhi kama ilivyopangwa.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mwajiri wake, Lebona, akaeleza kila kitu na kuweka funguo mezani. Lebona alizisukuma zikamrudia.

"Ungenificha, ningekufukuza leo hii," alisema. "Kuanzia sasa, ukisema gari haliendi, haliendi. Hata nikikupigia mimi."

Hofu haikuisha kwa hilo. Usiku wa kuamkia safari hali kitu. Krismasi alipokwenda kwao, aliendesha kushoto mchana kweupe mpaka kaka yake akamnyang'anya usukani. "Sasa siaminiki huku wala kule," anasema.

Mkataba wa Enyonam unaisha Desemba. Selorm anataka kurudi Ho, afungue gereji, magari ya watu yamfuate yeye.

"Siku hiyo nataka nimkabidhi Lebona gari zima," anasema. "Na kila aliyepanda akiwa hai, awe ameshuka akiwa hai."

Saa sita kasorobo anakwenda tena kuisugua lami. Safari hii anapanda kwa miguu mpaka kona ya juu, anaona jua limeyeyusha barafu, kisha anarudi taratibu na kuufungua mlango.

"Mzee, njoo ukae mbele," anamwambia mjomba. "Mwambie mpwa wako tunapanda. Na wewe ukiniona naenda kulia, usinionee haya. Piga kelele."