Wimbo wa Mtu wa Dirishani

Fundi wa kutengeneza vyerehani hakuwa mtu wa kutoka jioni. Tangu mkewe afariki, miaka sita iliyopita, jua likizama lilimkuta amekwisha kufunga karakana, amenawa mafuta ya mashine kwa sabuni ya unga, na ameketi kwenye kochi lake na redio. Wateja wake walikuwa washonaji wa mtaani, nao walimpenda kwa mambo mawili: hakuwahi kuikatia tamaa mashine ya mtu, na hakuwa na tabia ya kumchimba mtu habari zake. Alikuwa na miaka sitini na minane. Mgongo ulishaanza kumgomea, lakini masikio yalikuwa mazima. Ukizungusha gurudumu la mashine mara moja tu, alikwambia kama ugonjwa uko kwenye bobini, kwenye ukanda, au kwa wewe mwenyewe unayeiendesha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa shule ya msingi. Huyo ndiye aliyekuja Jumatano moja na tiketi mbili ndani ya bahasha, akaziweka juu ya meza ya kazi katikati ya skrubu na makopo ya mafuta. Alieleza kwamba kuna kundi la vijana limetunga mchezo wa jukwaani, mchezo mzima unaimbwa kwa muziki wa roki, na watu wanaugombania. Fundi akacheka. Akasema yeye na magitaa ya umeme ni mbingu na ardhi, wamwache azeeke na masikio yake. Binti akamwambia asubiri kwanza asikie mchezo wenyewe unahusu nini. Ulihusu moto wa kiwanda cha nguo.

Fundi alikuwa na bisibisi mkononi. Aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikwisha kukazika zamani, mpaka kichwa cha skrubu kikakatika.

Hakuna mtu wa rika lake asiyeujua moto ule. Ilikuwa miaka thelathini na minane nyuma. Wanawake kumi na wanne waliteketea kwenye ukumbi wa kushonea, ghorofa ya pili, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli. Meneja ndiye aliyekuwa ametoa amri mlango ule ufungwe, akiogopa vitambaa visiibwe, na meneja ndiye aliyehukumiwa. Alifia gerezani mwaka wa nne. Msimamizi wa zamu, kijana wa miaka thelathini, alipanda ngazi ya mafundi umeme upande wa mbele, akavunja dirisha kwa nondo, akatoa wanawake watatu. Wawili walifia hospitali. Wa tatu alipona, akabaki na kovu kutoka kiganja cha kushoto hadi kwenye kiwiko, na baada ya mwaka mmoja akaolewa na msimamizi yuleyule. Huyo ndiye mama yake mwalimu.

Binti alikua akisimuliwa kisa hicho na mashangazi na majirani. Wazazi wake wenyewe hawakuwahi kukigusa, naye akaamini kwamba ni unyenyekevu.

Fundi alijaribu kujitoa. Alisingizia mgongo, akasingizia mafua, mwishowe akasema viatu vyake vya kutokea vimebanduka soli. Binti akavichukua viatu, akavipeleka kushonwa. Jumamosi alivirudisha vimeng'arishwa, akasema tu kwamba mama angekuwa hai angekwenda. Mzee alijua vizuri kwamba mkewe asingekanyaga pale.

Ukumbi ulinuka rangi mbichi na moshi wa mashine ya moshi. Walikaa safu ya tatu, katikati kabisa, ingawa alikuwa ameomba kiti cha pembeni. Pazia lilipofunguka, aliona vyerehani kumi na viwili vya kweli vimepangwa mistari miwili, na kwa mazoea jicho lake likaenda kwenye kasoro: mikanda miwili imevalishwa kinyume. Kisha wasichana walioketi nyuma ya mashine wakaanza kukanyaga kwa pamoja, ngoma ikawapokea, magitaa yakaingia juu yake, na sakafu ikatetema mpaka kwenye nyayo zake. Hakuyafuata maneno yote. Lakini kelele, alisema moyoni, kelele wameipata. Hivi ndivyo ilivyokuwa kila siku kuanzia asubuhi.

Meneja wa jukwaani alikuwa pande la mtu lenye miwani myeusi, ufunguo mkubwa kama mkono wa mtoto unaning'inia kifuani. Kila alipoimba, watu walimzomea kwa furaha. Fundi alimtazama akamkumbuka meneja wa kweli, mtu mfupi mwenye pumu, aliyekuwa akiisaka miwani yake ofisi nzima na kumbe iko kichwani. Amri ya kufunga alikuwa ameitoa, tena kwa maandishi. Ila siku ile ya moto, asubuhi, alipita kwenye zamu na kusema kwa mdomo kwamba joto limezidi, mlango uachwe wazi.

Aliyeufunga mlango saa nane mchana alikuwa msimamizi. Wanawake walikuwa wakitoka mmoja mmoja kupunga upepo kwenye ngazi za nyuma, kazi ikawa inalala, naye alikuwa kijana mgeni wa cheo, amelewa ule utamu wa kuogopwa. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akashuka uani kunywa chai. Moto ulipolipuka alikimbilia ngazi za nyuma. Akapanda ngazi tano. Moshi ukamjia usoni, akarudi. Akasimama pale chini, ufunguo mfukoni, akisikia mlango unavyopigwa kwa ndani. Ndipo alipozunguka mbele na kuokota nondo. Jioni yake ufunguo aliutumbukiza kwenye shimo la choo, na tume ya uchunguzi ilipomwuliza, alisema meneja aliuchukua tangu asubuhi.

Wimbo wa Mtu wa Dirishani ulikuja sehemu ya pili. Aliuimba kijana mwenye misuli, shati wazi, nondo mkononi, huku akipanda ngazi ya chuma mpaka juu kabisa ya jukwaa na gitaa likilia nyuma yake kama linachomwa. Watu walisimama. Wengine walikuwa wameshaujua, wakaitikia kiitikio kwa mikono juu. Binti alimshika baba yake kiganja, akakibana.

Kisha taa zikazimwa zote, na mpiga ngoma akabaki peke yake gizani. Alikuwa akipiga ngumi za mlangoni. Mwanzo zilikuwa za haraka, nyingi, zikipandana; halafu polepole zikapungua, zikawa chache, zikawa mbilimbili, mwisho ikabaki moja. Nyuma ya ukumbi mtu alisikika akilia.

Fundi alitikisa kichwa gizani. Haikuwa hivyo. Ngumi zile hazikupungua. Zilikatika zote mara moja, na kijana yule wa ngoma hakuwa na namna ya kulijua hilo, kwa sababu duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesimama upande ule wa mlango.

Mchezo ulipokwisha, waigizaji waliinama, wakapigiwa makofi, kisha kijana wa nondo akainua mkono kuomba utulivu. Akasema usiku huu wana heshima ya pekee: Mtu wa Dirishani mwenyewe yumo humu ndani. Taa ikashuka juu ya safu ya tatu. Ndipo fundi alipoelewa kwa nini hakupewa kiti cha pembeni. Binti yake alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja, anamsukuma taratibu begani.

Akasimama. Hilo ndilo lililokuja kumwuma kupita yote baadaye, kwamba miguu yake ilimwinua bila kumshauri. Alisimama akapokea makofi ya watu mia nne, na alipoona hayaishi, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kama mtu anayestahili. Kijana akashuka jukwaani akamkumbatia, shati lake limelowa jasho.

Nje, pembeni ya dirisha la tiketi, kulikuwa na benchi la saruji. Binti alikuwa ameshatoa simu ili awapigie mashangazi. Mzee akamwomba airudishe mkobani, akae.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," akasema.

Binti hakuelewa. Alidhani anazungumzia ufunguo wa nyumba, akaanza kuutafuta mkobani. Basi mzee akamweleza toka mwanzo, kwa sauti ileile aliyoitumia kumweleza mteja ubovu wa mashine: joto la asubuhi, saa nane, chai, ngazi tano, choo, tume. Watu waliokuwa wakitoka walimpungia mkono wakipita, mmoja akaja kumpa mkono kabisa, naye akaupokea, kisha akaendelea alipoachia.

Alipomaliza, binti alikaa akitazama viatu vya baba yake.

"Mama alijua?"

"Aliniona nikifunga. Mashine yake ilikuwa ya kwanza kutoka mlangoni."

"Na akakubali umwoe."

"Alikubali."

"Kwa nini?"

"Sijui, mwanangu. Tuliishi miaka thelathini na mmoja, sikupata ujasiri wa kumwuliza."

Binti akasema alikuwa amemwandikia mkuu wa kundi barua ya kurasa nne juu yake. Kwenye teksi alikaa mbele na dereva, na walipofika hakushuka.

Zikapita wiki tatu bila hata simu. Fundi alifungua karakana na kufunga, alikula kwa kujilazimisha. Jumapili ya nne binti akatokea mlangoni, amekonda uso, ana karatasi yenye anwani. Hata hasira zake zilikuwa za kimwalimu: alikuwa ameulizia ofisi mbili na majirani wa zamani mpaka akampata mjane wa meneja. Alisema wanakwenda leo hii.

Mjane aliishi kwenye chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, vyumba sita vinavyotazamana, kuta nyembamba kiasi cha kusikia jirani akikuna nazi. Alikuwa ajuza wa miaka themanini na ushei, mwembamba, msafi, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Aliwakaribisha vizuri. Alidhani ni watu wa kuandikisha wazee.

Fundi alikaa kwenye kigoda, akajitambulisha alikuwa nani kiwandani, akasema lililomleta. Alilisema chinichini, macho sakafuni.

"Sisikii vizuri, baba," ajuza akasema. "Sema kwa nguvu."

Akarudia kwa sauti ya kawaida. Ajuza akatega sikio, akatikisa kichwa. Binti alikuwa amesimama mlangoni, na mzee akamtazama akitumaini kwamba atamsaidia kusema. Binti hakufumbua mdomo.

Ikabidi apaze sauti. Alisema kwa ukelele kwamba mlango aliufunga yeye, kwamba ufunguo alikuwa nao yeye, kwamba mumewe alisema uachwe wazi na yeye ndiye aliyedanganya mbele ya tume. Chumba cha pili mwiko uliacha kukoroga. Mtu alizima redio. Korido nzima ikatulia, naye akalazimika kuimaliza habari yake katika utulivu huo.

Ajuza aliweka mikono juu ya magoti.

"Alikuwa akiniambia," akasema mwishowe. "Kila nikienda kumwona. Mlango niliwaambia wauache wazi, mke wangu. Nikamwambia nyamaza, kubali tu, unajiumiza bure. Mimi sikumwamini."

Fundi akaanza kuomba msamaha, lakini ajuza alikwisha kugeuza uso. Alimwomba mwalimu amshike mkono mpaka kitandani, kwani miguu imekufa ganzi. Akajilaza akielekea ukutani. Walitoka wakipita mbele ya milango mitano iliyo wazi.

Kesho yake fundi alikwenda polisi. Askari aliyempokea, kijana ambaye moto ule haukumkuta hata tumboni mwa mama yake, aliandika maelezo yote kwa mwandiko mzuri, akasema jalada la zamani litatafutwa na ataitwa. Hakuitwa. Mkuu wa kundi la mchezo naye alimsikiliza, mkono mdomoni, akauliza kama wanaweza kuuandika mchezo upya. Fundi akasema waandike. Mwalimu alikwenda kuutazama ulipoandikwa upya, peke yake, na hakumsimulia alichokiona.

Habari zilienea mtaani kwa njia zake. Washonaji wengine walihamisha mashine zao bila kelele. Mmoja alikuja kuichukua ya kwake ikiwa vipande vipande ndani ya beseni, akasema ataiunganisha mwenyewe. Wengine waliendelea kuja, ila hawakukaa kupiga soga. Mjane wa meneja alifariki miezi mitano baadaye. Fundi alipata habari siku ya pili baada ya mazishi.

Mwalimu bado anakuja Jumapili. Wajukuu hawaleti tena. Anafua mashuka, anaosha vyombo, na kabla ya kuondoka anamwuliza baba yake swali moja juu ya siku ile, moja tu, kisha anangoja jibu akiwa amesimama. Jumapili iliyopita alimwuliza majina ya wale wanawake kumi na sita, walioungua ukumbini na wawili wa hospitali. Mzee aliweka chini sindano aliyokuwa akiinoa, akahesabu kwa vidole akifuata mashine zilivyopangwa, mstari kwa mstari. Alifikisha kumi na moja. Alikaa pale mpaka giza likaingia chumbani, midomo ikicheza, na watano waliobaki hawakumjia.