Chumba cha Baridi cha Nyahanga

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kahama, sikupewa hata bisibisi. Tajiri wa duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza mafriji na kufunga viyoyozi, alinisimamisha chini ya kiyoyozi kilichokuwa kikiunguruma akaniuliza kinafanya kazi gani. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kinatoa hewa mbaya nje na kuleta hewa safi ndani. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hewa safi inapita wapi, kijana? Umeona tundu?"

Hakukuwa na tundu, isipokuwa la mabomba ya shaba yanayopitisha gesi. Akanieleza kwamba kiyoyozi cha ukutani kinavuta hewa ya chumbani, kinaipitisha kwenye vibati vyembamba vya aluminiamu vilivyopozwa na ile gesi, kisha kinairudisha humo humo. Kinachotoka nje ni joto na matone ya maji tu. "Ukijamba humu, utanusa mwenyewe," akasema, na mafundi wote wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii, lishikeni hilo kabla ya jingine lolote, maana wateja wengi mpaka leo hawalijui.

Baadaye nilihamia Geita, kwenye karakana iliyohudumia nyumba za wafanyakazi wa migodi. Fundi Mkuu wa pale alikuwa mkali, mtu wa kukutupia spana badala ya kukuita jina. Siku moja tuliitwa Rwamgasa, kwenye chumba cha mnunuzi wa dhahabu ambaye kiyoyozi chake kilikuwa hakipozi. Nilipofungua kifuniko, nilikuta vile vibati vimeota unga mweupe, mwepesi kama majivu ya karatasi. Nikataka kuupuliza. Fundi Mkuu alinivuta shati nikaanguka kutoka kwenye ngazi.

"Unataka kufa? Hiyo ni zebaki!"

Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu kwenye mchanga, halafu huichoma ili dhahabu ibaki peke yake. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini ukikutana na vibati vya baridi unaganda hapo na kuvila. "Ukiona unga huu," alisema, "usiulize kama mtu alichomea humu. Uliza alichomea miaka mingapi." Tuliondoka bila kutengeneza kitu.

Umri uliposogea nilirudi Kahama, nikawa fundi wa kujitegemea. Ndipo madalali wa nyumba waliponigundua. Mji ulikuwa unakua, watu wa migodini wakijenga na kuuza, na mnunuzi mwenye akili alikuwa ananitanguliza mimi kabla ya kutoa hela. Kiyoyozi kinaongea sana. Kikivujia ndani, chokaa ya ukuta imelegea. Kompresa yake, ile pampu ya nje inayosukuma gesi, ikikoroma, basi imefanyishwa kazi na umeme mdogo, na nyaya za nyumba nzima zinatia shaka. Kikiwa kimekufa, bei ya nyumba huporomoka kupita gharama ya kununua kipya, kwa sababu mnunuzi anaanza kujiuliza ni nini kingine kilichoachwa kufa. Nilishawahi kuona nyumba nzuri ikidharaulika kwa sababu ya chujio lisilooshwa.

Hivyo ndivyo nilivyofika Nyahanga, hapo hapo Kahama, kwa Mama Neema. Mwalimu mmoja, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, alitaka kununua nyumba ya mama huyo akanituma niikague. Mama Neema alikuwa anauza ili ampeleke mumewe hospitali kubwa Mwanza. Baba Neema alikuwa amekaa sebuleni, blanketi mabegani, mikono ikimtetemeka kiasi kwamba hakuweza kupokea mkono wangu. Majirani walikuwa wameshasema amerogwa. Binti yao, Neema, msichana wa darasa la sita, aliniamkia akaniletea maji, na nusu ya glasi ikamwagikia sinia.

"Shika vizuri, mayu," mama yake akamwambia, akimwita "mama" kwa Kisukuma.

Dalali alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma. "Hiki ndicho kinauza nyumba," akasema. "Kina baridi nzuri kuliko vyote. Mwalimu ataweka mtoto humu."

Nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko. Unga mweupe ulikuwa umejaa mpaka kwenye feni.

Nilishuka taratibu. Nilijua nikisema, mwalimu hanunui, na mgonjwa haendi Mwanza. Nisiposema, kitoto kichanga kitalala humo. Nilimwita Mama Neema nikamuuliza kama mumewe aliwahi kuchomea dhahabu kwenye chumba hicho.

Dalali akadakia, "Mzee, umeitwa kuangalia eesi, siyo kuangalia maisha ya watu!"

Lakini Mama Neema alinijibu. "Alikuwa mnunuzi. Aliogopa wezi wasinuse biashara yake, kwa hiyo alikuwa anafunga madirisha yote na kuwasha eesi. Alisema eesi inautoa moshi nje."

"Hautoki, mama. Ulikuwa unazunguka humo humo."

Mama Neema akageuka akatazama kitanda kilichokuwa chini ya kile kiyoyozi, chenye shuka la maua na begi la shule.

"Alipoacha biashara tulimpa Neema," akasema. "Kwa sababu ya baridi yake."

Niliwahi kufukuzwa kazi na niliwahi kumzika mtoto wangu, lakini sijawahi kuumia mbele ya mwenye nyumba kama siku ile. Nilimwambia awapeleke wote wawili, amtamkie daktari neno zebaki asifiche. Mwalimu alijitoa. Mama Neema aliuza pikipiki na vyombo wakaenda, na daktari akathibitisha zebaki kwa wote wawili. Kwa Baba Neema walikuwa wamechelewa. Alizikwa kabla ya mvua.

Dalali hakukata tamaa. Alirudi na shemeji za marehemu, wakamshauri mjane: ng'oa eesi, ziba tundu, paka rangi, tutafute mnunuzi wa kutoka mbali. Najua ushauri huo ulikotoka: ni kwenye kaguzi zangu mwenyewe. Siku hizi ndivyo wanavyofanya madalali, maana nyumba isiyo na kiyoyozi inauzika upesi kuliko yenye kiyoyozi kinachosema. Nikipita mtaani nikaona kiraka kipya cha rangi juu ya ukuta, nasimama nikauliza nani aliishi humo.

Sasa nimestaafu, magoti hayapandi ngazi. Mwezi uliopita nilipita Nyahanga. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepigwa misumari, na mama na binti wanaishi mbele. Ukutani kumeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, kama inavyoandikwa kwenye nyumba nyingi zenye ugomvi wa mirathi, na wapita njia nadhani huchukulia hivyo. Nilimwuliza Mama Neema kwa nini hakumlipa fundi wa rangi, maana herufi zimepinda na kuruka ruka kama za mtoto wa chekechea.

"Neema alitaka kuandika mwenyewe," akaniambia. "Alishika brashi kwa mikono yote miwili."