Wateja Waliofungiwa Mlango

Kampuni ya bima ya mazishi aliyofanyia kazi Kelebonye Moatlhodi, pale Francistown, ilikuwa inayumba. Fidia zilichelewa, wafiwa wakazika kwa mikopo, na wateja wakawa wanahama. Bodi ikakasirika, ikaamua: wakubwa hawapati bonasi mpaka wateja wabaki.

Kelebonye, mwanamke aliyekuwa mkuu wa huduma kwa wateja, aliiona kama bahati. Alikuwa akimjengea mama yake nyumba Tonota, na ujenzi ulikwama kwenye linta, juu ya madirisha. Kwa hiyo Tshenolo, mkuu wa mauzo, alipopendekeza kwamba anayetaka kujitoa lazima afike mwenyewe makao makuu, Kelebonye alitia saini bila kubisha. Kweli, wateja wakaacha kuhama.

Adhuhuri moja alimkuta mzee ameketi kwenye ngazi za nje, anatafuna andazi kavu. Aliitwa Ntebele, ametoka Tutume kwa basi.

"Rra, umesaidiwa?" Kelebonye alimuuliza, kwa neno la heshima wanaloitwa wanaume.

"Nisaidiwe na nani, mwanangu? Nimekuja kujitoa; juzi mhusika yuko likizo, leo yuko mkutanoni. Mtu gani huyo, adimu kama mvua!"

"Kwani kwa nini unataka kujitoa?"

"Mke wangu alilala mochwari tukisubiri hela zenu, mpaka nikauza ng'ombe. Yeye mlimtelekeza kwenye barafu. Mimi ndiye mnayening'ang'ania?"

Kelebonye aliona haya. Mhusika aliyekuwa akitafutwa ni yeye. Alimpandisha mzee ofisini, akamtoa kwenye bima palepale, akamwomba radhi. Kisha akaanza kuwapigia simu wengine wote waliozuiwa, awatoe pia.

"Mma, umetutilia kitumbua mchanga!" Tshenolo alifoka kikaoni.

"Kitumbua gani, Rra? Wale hawakubaki, tuliwafungia mlango. Tulipe kabla maiti haijazikwa, ndipo tuone nani ataondoka."

Bodi ilimnunia, lakini ikakubali kujaribu. Mwaka ule hakuna mkubwa aliyeonja bonasi, na Tshenolo akaacha kumsalimia.

"Bati lini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Bado, Mama. Nivumilie."

Mama akaguna tu, akaendelea kuchambua mboga.

Fidia zikaanza kutoka mapema, na waliohama wakapungua kidogo kidogo, si kwa kishindo. Mzee Ntebele hakurudi. Alijiunga na chama cha kuzikana kijijini kwao, na Kelebonye aliposikia hakumlaumu.