Sufuria Niliyoionja Kabla ya Mungu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ulimi wangu uliponiponza bila kusema neno. Nilikuwa binti wa Kisarawe, nimekuja kata ya Pangani, hapa Kibaha, kupika kwa Wahindi wanaomwabudu Krishna kwa nyimbo na kwa kulitaja jina lake kwenye tasbihi. Mimi ni Mwislamu na nitakufa Mwislamu, lakini watu wale niliwapenda. Nyama hawali, kitunguu hawagusi, na kila Jumapili mlango wao wazi, aje yeyote ale.

Mwenye jiko alikuwa Mama Kokila, mtu mzima wa sauti ya chini. Sharti lake kubwa: chakula hakionjwi. Kwanza Mungu apelekewe sahani yake, ndipo binadamu wale. Nami mama yangu alinilea akisema mpishi asiyeonja hulisha watu aibu. Mazoea yana tabu. Dengu zikachemka, mkono ukaenda wenyewe, nikalamba. Chumvi ilikuwa sawasawa, hata nikajisifu kidogo.

Mara nikamwona anapakua sahani ya madhabahuni. Nikisema, nafukuzwa, na kazi ile niliipenda mno. Nikinyamaza, anampa Mungu wake makombo yangu bila kujua. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mimi hakuna aliyenivua. Ilibidi nijivue mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Nimeonja."

Nje wageni kutoka Mlandizi walishakaa mkekani. Mama Kokila akairudisha sahani, akafunika sufuria, akaniambia tuchambue dengu nyingine. Wageni walingoja, wengine wakanung'unika, naye hakuwaambia sababu. Mikono ikiwa kwenye ungo, akasema, "Binti, chumvi ikizidi, Mungu atavumilia. Ungenyamaza, ningempelekea uongo kwa mikono yangu mwenyewe."

Ile sufuria ya kwanza tuliila sisi wawili jioni, na ilikuwa tamu, nakwambia. Tangu siku hiyo aliniachia jiko peke yangu, hakuja tena kusimama nyuma yangu.

Basi mwanangu, kuheshimu dini ya mwenzio si kuifuata. Ni kukilinda anachokitukuza hata pale asipokuona. Na ukiteleza, sema mapema, sahani haijafika madhabahuni. Mungu akujaalie ulimi mkweli, na siku utakayokosea akukutanishe na mtu wa kukusitiri kama alivyonisitiri mama yule. Amina.