Uso wa Marehemu Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Mwisho mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi ambayo sikuweza kumweleza mama yangu mzazi kule nyumbani magharibi mwa nchi. Nilitengeneza websaiti za biashara. Neno tovuti sikuwa nimelisikia bado, na wengi wa wateja waliotulipa hawakuwa wamewahi kuona websaiti hata moja kwa macho yao. Walisikia tu kwamba dunia imehamia huko, wakaogopa kuachwa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa, kando ya Ngong Road. Ndani yake mlikuwa na kompyuta chache, modemu iliyolia kama paka aliyebanwa na mlango kila ilipopiga simu, na bosi wetu. Bosi alikuwa mdogo kwangu kwa umri, kijana mchangamfu mwenye moyo mzuri, ila alipenda kitu kinachotembea. Maneno lazima yakimbie kutoka kulia kwenda kushoto. Nyota lazima ziwake na kuzima. Muziki lazima uanze wenyewe hata kama aliyefungua ukurasa yuko ofisini na mkubwa wake amesimama nyuma yake.

"Manze, ikikaa tu hivyo watu watasema hatujafanya kitu," alikuwa akiniambia.

Wateja nao walikuwa na yao. Mwenye kampuni alitaka picha yake akiwa ameshika simu. Alitaka hotuba. Alitaka tueleze safari yake tangu alipokuwa akichunga mbuzi. Kuna mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi ambaye tulimwekea hayo yote, na ukurasa ulipokamilika nikagundua hakuna mahali tuliposema anauza nini. Nilipomwambia alishangaa. "Si kila mtu anajua?" aliniuliza. Jioni nilikuwa narudi kwa miguu hadi chumba changu upande wa Kibera unaopakana na mtaa wa Ayany, nikiwa nimechoka kama mpagazi, na siku nzima sikuwa nimebeba kitu. Ni kubembeleza tu. Niliwabembeleza watu wazima wafikirie kidogo yule atakayesoma, nao waliniangalia kama mtoto anayeomba peremende.

Ndipo akaja Mama wa Kawangware.

Alikuwa mjane, mwenye ploti ya familia kule Kawangware, amejenga vyumba vya mabati vya kupangisha. Nyuma ya vile vyumba mumewe alikuwa ameanza nyumba ya mawe ya ghorofa moja, akafariki kabla haijaezekwa. Mama akaimalizia mwenyewe, chumba baada ya chumba, ili iwe nyumba ya wageni. Alikuwa ameona wazungu na Wakenya waliorudi kutoka ng'ambo wakija kwa makanisa na zahanati za Kibera na Kawangware, wakilala mbali katika hoteli za mjini. Binti yake aliyekuwa akisoma nje alimwambia kwenye simu kwamba watu wa huko wanatafuta pa kulala kwa kompyuta.

Alikuja ofisini na mkoba mkubwa mweusi. Ndani alikuwa na picha ya marehemu, imefungwa kwa kitambaa cha meza.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," alisema. "Nataka aonekane kwanza."

Nilimweleza taratibu kwamba mgeni angependa kuona vyumba kwanza. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniita kama binti yake: "Mami, hii nyumba si yangu. Nilimalizia tu."

Bosi alikuwa ameshachukua picha na kuiweka kwenye skana. Aliipenda. Ilikuwa picha nzuri ya studio, nyeusi na nyeupe, mzee amevaa tai na macho yake yakikutazama moja kwa moja. Bosi akaikuza hadi ikajaza skrini nzima. Chini yake akaweka jina la mzee na miaka yake, ule wa kuzaliwa na ule wa kufa, kisha hadithi ndefu ya namna alivyokuja Kawangware kukiwa bado na mashamba. Akaongeza wimbo wa kanisani uliotoka kwenye spika kama wa kengele ya mlango. Vyumba tuliviweka chini kabisa. Mama akalia kidogo tulipomwonyesha pale ofisini, ambako ukurasa ulifunguka mara moja kwa sababu ulikuwa ndani ya kompyuta ileile. Akatushika mikono.

Basi tukaanza kungoja.

Kila wiki Mama alipita akitoka sokoni. Alikuja na chai kwenye flaski na mikate, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Kuna mtu ameandika?"

"Bado, Mama."

"Sawa. Mungu ana wakati wake."

Nilianza kuogopa nikisikia viatu vyake kwenye ngazi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yametandikwa tayari. Aliniambia huwa anayakung'uta kila Jumamosi kwa sababu ya vumbi, kisha anayatandika tena.

Siku moja nilikuwa mjini kwenye saiba, chumba cha kukodi kompyuta zenye intaneti. Nilizoea kwenda huko kutazama kurasa zetu kwenye mashine ya watu wengine, maana kitu kinachopendeza ofisini huweza kuharibika kikifika nje. Kando yangu alikaa mwanamke mmoja, nesi Mkenya aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo. Tukaanza kuongea tukingoja mashine zetu, ambazo siku hiyo zilikuwa zinajikokota. Aliniambia wenzake kadhaa wanakuja kusaidia katika zahanati ya Kibera, na anawatafutia mahali pa kulala pasipokuwa mbali.

Sikumwambia kwamba ni kazi yangu. Nilimwandikia anwani ya ukurasa wa Mama kwenye kipande cha karatasi, nikasema nimesikia ni pazuri.

Akafungua. Wimbo ukaanza kabla ya kitu chochote kuonekana, watu wakageuka kumtazama, akahangaika kutafuta pa kuuzima. Kisha picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Nywele za mzee. Tukangoja. Paji la uso. Tukangoja tena. Yule nesi alitazama saa yake, maana pale saiba unalipia dakika. Mwishowe yakatokea macho, tai, na ile miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa.

Aliondoa mkono kwenye kipanya akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Pole sana," aliniambia. "Alikuwa mtu wenu?"

Alidhani nimemwonyesha tangazo la kifo. Nilipofungua kinywa kumweleza kwamba vyumba viko chini, alikuwa ameshafunga ukurasa, kwa heshima, kama mtu anayeondoka matangani polepole. Akalipa, akaniaga, akatoka.

Nilibaki pale nikitazama kiti chake. Sikumkasirikia bosi wala Mama. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa kuona kitu ulichokijua tangu mwanzo kikitokea mbele yako.

Kumwambia Mama kwa maneno sikuweza. Ningemwambia nini, kwamba mume wake anafukuza wageni? Nikamwomba tuende mjini pamoja. Alikuja amevaa vizuri kama anakwenda kanisani, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Nikamketisha mbele ya mashine, nikamfungulia ukurasa.

Wimbo ulipoanza alitabasamu. Kisha nywele za mumewe zikatokea.

"Mbona haji?" aliuliza.

"Anakuja, Mama. Ndivyo anavyokuja kwa kila mtu."

Alingoja. Nilimwona akimngojea, shingo imeinama mbele, midomo ikisema maneno ya wimbo bila sauti. Uso ulipokamilika alishusha pumzi. Akakaa naye kitambo. Halafu akauliza, "Na vyumba viko wapi?"

"Viko chini. Lazima ushuke."

"Nishuke wapi?"

Nikamwonyesha namna ya kushuka kwa kipanya. Tukapita hadithi yote ya mashamba hadi vikatokea, vidogo, vya mwisho.

"Na mgeni atajuaje ashuke?"

Alikunja mikono juu ya mkoba wake, akatazama watu wengine mle ndani, kila mmoja na skrini yake, wakibonyeza haraka haraka, wakifungua na kufunga.

"Hawa hawana wakati," alisema.

"Hawana, Mama."

"Mgeni akibisha kwangu simpeleki kaburini kwanza. Nampa maji anawe mikono." Akageukia uso wa mumewe. "Mtoe."

Nilinyoosha mkono kufunga ukurasa, akanishika.

"Ngoja. Mfungue tena kwanza, mara ya mwisho."

Nikamfungulia. Mzee akashuka upya, polepole vilevile, na safari hii hakuna aliyeuliza mbona haji.

Ukurasa mpya tuliuandika pamoja jikoni kwake Kawangware, yeye akichambua mboga. Nilimuuliza watu wakija huwa wanauliza nini. Alijua yote. Wanauliza maji, choo, usalama, na namna ya kufika. Akaniambia niandike maji ya moto yako asubuhi, ila jioni lazima mgeni aseme ndipo yachemshwe. Niandike kwamba lango linafungwa na kuna mlinzi. Niandike njia kutoka Dagoretti Corner, kwa kituo na kwa kanisa lenye paa la buluu, si kwa namba ya ploti ambayo hata jirani mwenye posho mill ya kusagia unga haijui. Na niandike kwamba mvua ikinyesha njia ni matope.

"Matope tena, Mama?"

"Si wataona wenyewe wakifika? Afadhali waje na viatu."

Simu yake ya nyumbani ilikuwa haitegemeki, waya ziliibwa mara kwa mara, kwa hiyo tukaweka ya jirani mwenye duka. Barua za kompyuta niliahidi kuzisoma mwenyewe kila mchana na kumpelekea majibu. Picha zikawa chache, ndogo, za vitanda na dirisha.

Bosi alipouona ukurasa alishika kichwa. "Sista, hii imekaa kama notisi ya chifu. Hakuna kitu inamove! Na nani anatangaza matope?"

"Iache hivyo," nilimwambia.

"Jina la ofisi liko hapo chini, unajua?"

"Basi litoe."

Sikuwa na nguvu ya kubishana zaidi, na nadhani aliona hivyo usoni mwangu, maana alirudi kwenye nyota zake.

Baada ya mvua za masika ikaja barua ya kompyuta. Waliandika walimu wawili wastaafu, mume na mke, waliokuwa wanakuja kwa kazi ya kanisa. Waliuliza swali moja tu: matope yanafika wapi, kifundoni au magotini? Nilitembea kutoka Ngong Road hadi Kawangware mchana uleule na ile barua mkononi, nimeichapa kwenye karatasi. Mama aliisoma akiwa amesimama, akacheka hadi akaketi. "Waambie kifundoni," alisema. Wakaja, wakakaa mwezi mzima, na yule mke akajifunza kupika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi.

Wengine walikuja baada yao, lakini si wengi. Kuna miezi nyumba ilijaa na miezi Mama alitandika na kutandua bila mtu. Mwishowe bosi alipata kazi nje ya nchi, ofisi ikafungwa, na ile anwani ya ukurasa, ambayo ilipaswa kulipiwa kila mwaka, ikakatika bila yeyote kutuambia. Niligundua siku moja saibani nilipoiandika nikaambiwa hakuna kitu kama hicho.

Nilikwenda Kawangware kumwambia. Nilimkuta anakubaliana na familia iliyotaka kupanga ghorofa ya chini, fundi wa viatu na mkewe na watoto wao, watu waliotoka upande wa kwetu. Watoto walikuwa wameshaanza kukimbia ngazini.

"Imezimika, Mama," nilisema. "Naweza kutafuta mtu wa kuirudisha, lakini itabidi tuanze upya."

Aliwatazama wale watoto ngazini, kisha mimi na viatu vyangu.

"Wewe umekula?" aliniuliza.

Nikasema sijala. Akaniingiza jikoni.