Nati ya Nta

Kama kuna kitu nilichokichukia duniani mwaka ule, ni mlio wa spana inayoteleza kwenye nati. Krrk! Halafu kimya. Halafu sauti ya mume wangu kutoka chini ya boneti: "Imekaribia." Imekaribia nini? Lililokuwa limekaribia ni tumbo langu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kwisha. Tuliishi juu, kwenye miteremko ya Meru, ambako kahawa na migomba vimebanana hadi ukitafuta jua lazima utoke barabarani. Na barabara yenyewe, jamani, ilikuwa njia ya ng'ombe iliyopewa cheo. Kiangazi vumbi, masika utelezi, na katikati yake kijito kisichokuwa na daraja.

Pale kijitoni ndipo nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza. Wanaume walinibeba kwa machela kunipeleka hospitali ya mjini, mvua inanyesha, maji yamejaa, wakasimama kubishana wapite wapi. Wakati wanabishana mimi nikajifungua, chini ya mti wa mringaringa ulioko pale ng'ambo ya huku. Mtoto hakulia. Nilimsubiri alie. Wote waliokuwa pale walikwishajua, mimi bado nasubiri.

Hata baada ya siku hiyo watu waliendelea kuniita bi harusi. Kwetu mwanamke akishazaa anaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto, na lile la zamani linasahaulika. Mimi sikuwa mama wa mtu yeyote. Miaka inapita, kilemba cha harusi kimeshachakaa nimekifanya kitambaa cha jikoni, na bado ni bi harusi, bi harusi. Mama mkwe hakuniita hivyo kwa ubaya, alikuwa mtu mwema. Lakini kila aliponiita nilitamani kutupa chochote nilichoshika mkononi.

Mimba ya pili ilipoingia mume wangu aliapa. Alisema, "Huyu hazaliwi njiani." Yeye alikuwa dereva jeshini wakati wa vita, na kitu pekee alichorudi nacho cha maana ni mfuko wa turubai uliojaa spana za Kiingereza. Alizipenda spana zile kupita kiasi. Alizipaka mafuta kila Jumamosi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata mimi. Basi akauza ng'ombe wake wa maziwa, akanunua pikapu kuukuu kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa kule bondeni. Ilikuwa gari ya Kimarekani iliyoachwa na jeshi. Ilipanda mlima siku ile ikitoa moshi mweupe na kufoka maji, watoto wanaikimbilia nyuma wakishangilia, ikafika chini ya migomba yetu ikazimika. Haikuwaka tena.

Gasketi, ile bapa nyembamba ya kuziba kati ya vyuma, ilikuwa imeungua, ndivyo alivyosema, na maji yanaingia kwenye injini. Dawa yake ni kufungua kifuniko kizito cha juu, mafundi wanakiita silinda hedi, na kubadilisha ile gasketi iliyoko chini yake. Kazi ya siku moja, akasema. Haya bwana. Lakini nati za kifuniko kile zilikaa ndani ya mashimo, huwezi kuzifikia kwa spana ya kawaida kama huinamishi mkono kwa taabu, na hata ukifika, spana zake moja ilipwaya, nyingine haikuingia. Akalazimisha ile inayopwaya. Krrk! Nati moja ikalika pembe zote, ikawa duara.

Gereji za mjini zilitaka tuiburute gari hadi kwao. Nani wa kuiburuta kwenye ile njia? Ikabidi atafute soketi, ile spana fupi iliyo kama kikombe, inayoimeza nati kutoka juu. Sasa soketi ya saizi gani? Nati haitoki uipeleke dukani ukapimishe, na rula haiingii shimoni.

Wazo lake halikuwa baya, sikatai. Alichukua udongo wa kijitoni, akaushindilia kwenye ncha ya mwanzi, akaukandamiza juu ya nati. Ulipotoka ulikuwa na alama safi kabisa, shimo lenye pembe sita. Akauweka ukauke juani ili usiharibike njiani.

"Udongo ukikauka unasinyaa," nikamwambia. "Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Chungu kibichi na kikavu havilingani."

"Hiki si chungu. Ni nati."

"Ni udongo!"

"Nimeendesha magari ya jeshi mpaka Uhabeshi, leo wewe unifundishe nati?"

Loo! Nilipandwa na mori, nikaingia jikoni nikagonga masufuria mpaka mama mkwe akauliza kuna nini. Mume wangu akaenda zake mjini na udongo wake. Jioni karudi na gasketi mpya na soketi inayong'aa, anatabasamu. Akaiweka juu ya nati. Haikuingia. Ilikaa pale juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, halafu nikajikuta nalia, na sikujua nimevuka saa ngapi kutoka kicheko hadi kilio. Yeye alinywea, akafunga boneti taratibu.

Masika ilikuwa inakuja. Mawingu yalishaanza kukaa kwenye kilele tangu asubuhi. Sikupata raha mchana wala usiku: nikikaa nasimama, nikisimama natembea, natoka mlangoni kuitazama ile gari na narudi. Siku ya tatu nikamwambia mama mkwe anipe kipande cha nta kutoka kwenye mizinga ya shemeji yangu. Hakuuliza ya nini, alishazoea kuniona nahangaika.

Nilimsubiri mume wangu aende shambani. Nikafanya kama yeye, udongo kwenye mwanzi, nikainama juu ya injini na lile tumbo langu linanisukuma nyuma kila nikisogea. Lakini mimi sikuukausha. Ulipotoka tu, ungali mbichi, nikamimina ndani yake nta iliyoyeyuka. Ilipopoa nikauosha udongo wote. Nikabaki na nati ya nta, pembe sita kali, na ncha ya bolti imechomoza katikati yake. Nikaitia kwenye kibuyu chenye maji baridi isije ikalainika kwa jua. Nikaaga kwamba napitia kanisani. Si uongo, kanisani nilipita, iko njiani.

Lori la ndizi lilinichukua barabara ya Moshi. Kwenye duka la vyuma, karibu na soko la mjini, Mhindi mwenye duka alilitazama tumbo langu, akatazama kibuyu, akaniletea kiti.

"Mama, unataka nini?"

"Soketi ya kuimeza hii," nikasema, nikaitoa nati yangu majini na kuiweka kaunta.

Alicheka. Nikamkata jicho, akaacha. Akauliza gari ya wapi, nikasema Amerika. Akauliza spana zenu za wapi, nikasema za jeshi, za Kiingereza. Akatikisa kichwa. Akaniambia namba ya spana ya Mwingereza inahesabu unene wa bolti, na ya Mmarekani inahesabu upana wa nati yenyewe, kwa hiyo spana mbili zina namba moja na hazilingani hata kidogo. "Namba sahau," akasema. "Tujaribishe."

Akamwaga mbele yangu sinia zima la soketi zilizojaa mafuta. Tukaanza kuchagua, yeye upande wake, mimi upande wangu. Hii inapwaya. Hii inabana, inakwangua nta. Nyingine iliingia vizuri lakini ikagota njiani, kwa sababu ile ncha ya bolti ilifika juu kabla ya nati kuzama. Akaniletea zile ndefu. Katika ndefu zilipatikana mbili zilizokaa sawasawa, moja ina pembe sita ndani, nyingine ina pembe nyingi nyingi.

"Kuna nati moja imelika," nikamwambia.

"Basi chukua ya pembe sita. Inakamata ubavu. Hii nyingine itamalizia kuila."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza kitu kingine. Nikajibu ndiyo, ndiyo, bila kusikia, nikatoka mbio. Nilitaka kufika nyumbani hata kwa kuruka.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya gari, uso umemvimba kwa hofu. "Ulikuwa wapi? Mama anasema kanisani, mchungaji anasema hujakaa!" Nilikwenda moja kwa moja kwenye injini, nikaitumbukiza soketi shimoni. Ikaimeza nati, ikazama yote, ikatulia. Weee! Nilipiga kigelegele peke yangu.

Akachukua mpini wake. Sasa mpini wa soketi una ncha ya mraba, na soketi mgongoni ina tundu la mraba, kimoja kiingie ndani ya kingine. Ncha ya mpini wake ilikuwa kubwa kuliko tundu.

Ndicho alichoniuliza yule Mhindi. Mpini wenu ukoje? Na mimi nimesema ndiyo, ndiyo.

Nilisubiri anicheke, maana zamu yake ilikuwa imefika. Nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Aliugeuzageuza ule mpini mkononi, mpini wa jeshi, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Akaniambia, "Nipe tupa."

"Utauharibu," nikasema.

"Nipe tupa, mke wangu."

Akaketi juu ya gogo akaanza kuipunguza ile ncha. Chuma kile kilikuwa kigumu kama roho ya mkaidi. Alisugua mpaka giza likaingia, kesho yake akaamka akasugua kutwa, viganja vimemchubuka, na kila baada ya muda anajaribisha, haiingii, anarudi kusugua. Nilimletea uji, nikamshikia mpini ili usicheze. Hatukusemezana sana siku ile, na hatujawahi kuelewana kama siku ile.

Nati zilitoka moja moja. Ile iliyolika aliivisha soketi kwa kuigonga na nyundo, akavuta, mshipa umemsimama shingoni. Ikalia kidogo. Ikaachia. Akabadilisha gasketi, akakaza upya akianzia katikati kwenda pembeni, na pikapu ikawaka, ikashuka mjini na kurudi bila kufoka. Akataka kuirudisha soketi kwenye mfuko wa turubai. Nikakataa. Niliifunga kwenye pindo la khanga yangu nikalala nayo.

Uchungu ulinianza asubuhi nikichambua maharage. Mvua ilikuwa imekatika kidogo baada ya kunyesha usiku kucha. Mama mkwe alipiga ukelele uliosikika vihamba vitatu, hadi kwenye migomba ya majirani, mume wangu akaja mbio na tope hadi magotini. Wakaniinua, wakanipandisha mbele.

Gari ikawaka. Tulishuka huku tunateleza, matawi ya mibuni yanagonga milango. Nilikuwa nimeikamata ile soketi, na kila uchungu ulipopanda niliibana. Tukafika kijitoni. Maji yalikuwa mengi, si kama siku ile, lakini mengi. Nikasikia gari inapunguza mwendo, nikajua anautazama ule mringaringa.

"Usisimame hapa!"

"Sisimami, napunguza tu, mawe..."

"Usipunguze! Usinipunguzie hapa!"

Akakanyaga mafuta. Maji yakaruka hadi kwenye kioo, gari ikayumba, ikapanda ng'ambo. Ndipo kikaja kile kilima ambapo gari ilifoka maji siku ya kwanza. Sikutazama njia, nilitazama boneti. Nilitazama moshi mweupe mpaka macho yakaniuma, na haukutoka. Yeye akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake mbaya. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Nikamwambia aendelee.

Mwanangu alizaliwa kitandani, hospitali, chini ya bati, mchana kweupe. Alilia hata kabla hajamaliza kutoka, akalia kwa hasira, sauti ya mtu aliyecheleweshwa. Nilimwambia muuguzi asimnyamazishe. Alinifumbua vidole kimoja kimoja, akakuta soketi.

"Hiki nini, dada?"

"Cha gari."

Aliitazama, akautazama mkono wangu. Katikati ya kiganja palikuwa na duara jekundu lililozama ndani. Akaiweka mezani, karibu na beseni.

Kesho yake mama mkwe aliletwa na pikapu, amekaa mbele, kitambaa kipya kichwani, chungu cha mtori wa ndizi mapajani. Wodi ilijaa wanawake. Alisimama mlangoni akanitafuta kwa macho, halafu akaita kwa sauti, mama, na jina la mwanangu.

Nikageuka kutazama kitanda cha jirani, kuona ni nani anayeitwa.